Mabao Tuliyoyaacha

Mimi mpira sikuuomba. Nilikuwa mkufunzi wa Kiswahili katika chuo kidogo cha ualimu hapa Kilwa, na siku ya kikao cha kugawana majukumu nilichelewa kwa sababu mwanangu wa mwisho alikuwa na homa. Nilipofika, wenzangu walikuwa wameshagawana taaluma, nidhamu, chakula na mazingira. Kilichobaki ni michezo. Nikasema, "Jamani, mimi hata kuotea sikujui." Mkuu wa chuo akanijibu, "Utajua tu, Madam. Hatukutumi ukacheze." Wakacheka, nami nikacheka, na tangu siku ile nikawa mama wa timu.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nalia kwa sababu ya ushabiki. Sina timu Dar, sina jezi, na mume wangu akiangalia mechi mimi hulala. Ninachokililia ni kitu kingine, na kila nikikikumbuka damu inanichemka upya, ingawa miaka imepita na watu wote wameshasahau.

Utaratibu ulikuwa hivi. Vyuo vya kusini tuligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilikuwa la vyuo vikubwa vya mjini, vyenye mabasi yao na viwanja vya nyasi. Kundi la pili ni sisi wadogo, tuliotawanyika huku na huko, tunaocheza kwenye mchanga na kwenda ugenini kwa lori la kukodi. Mwisho wa msimu kulikuwa na fainali za vyuo vya nchi nzima, na kusini tulipewa nafasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bingwa wa kundi kubwa, haina mjadala. Ya pili haikuwa na mwenyewe. Kamati ya michezo ya kanda ilikaa, ikatazama, ikaipa "timu itakayoonekana inastahili", ama mshindi wa pili wa kundi kubwa, ama bingwa wa kundi letu. Na miaka yote niliyoikuta na niliyosimuliwa, aliyeonekana anastahili alikuwa yule yule mshindi wa pili wa kundi kubwa. Bingwa wa kundi letu alipewa mpira mpya na maneno matamu.

Nikauliza, kwa nini? Nikajibiwa, "Nyinyi hamjacheza na wakubwa, tutajuaje uwezo wenu?" Haya, nikasema, basi tucheze nao. Nikaanza kupiga simu. Chuo hiki kina mitihani. Chuo kile basi lake bovu. Wa tatu akaniambia nipige wiki ijayo, na wiki ijayo simu haipokelewi. Nikapigwa danadana mpaka nikachoka. Kocha mmoja tu ndiye aliyeniambia ukweli. "Dada yangu," akasema, "nije Kilwa kutafuta nini? Nikiwafunga, watu watasema nimefunga vitoto. Mkinifunga, sura yangu nitaificha wapi?" Nikamshukuru, nikakata simu, nikamtukana peke yangu jikoni huku napepeta mchele.

Yote haya nisingeyahangaikia kiasi hicho kama si yule nahodha wetu. Kijana wa Mitole, mtoto wa mkulima wa korosho, mrefu, mkimya, na mguu wake wa kushoto mimi nisiyejua mpira niliuelewa. Alikuwa mwaka wa mwisho. Baba yake alikuwa amemwekea sharti tangu anaingia chuoni, na kijana mwenyewe alinisimulia bila kulalamika: "Mzee aliniambia, ualimu ni wangu mimi niliyekulipia, mpira ni wako wewe. Ukimaliza chuo hujaonekana na mtu, mambo ya mpira usinitajie tena."

Kuonekana, ndilo neno lenyewe. Kwenye fainali zile walikuja makocha wa timu za ligi, wakakaa pembeni na kofia zao, wakachagua vijana. Huku kwetu hawaji. Nani atafunga safari mpaka Kilwa kumwangalia mwanachuo anayekimbia mchangani? Mtoto wa huku akitaka kuonekana lazima apelekwe mahali wanapotazama, na njia ya kumpeleka ilikuwa ile nafasi ya pili. Umri nao ulikuwa unamwacha. Mwaka mwingine usingekuwepo.

Msimu ule tulishinda mechi zote za kundi letu. Siku tuliyomaliza, kijana akanifuata ofisini, akasimama mlangoni, akauliza, "Madam, safari hii watatuona?"

Nikamwambia, "Watawaona, inshallah. Hata kama ni mimi kuwashika masikio."

Mungu akajalia. Mshindi wa pili wa kundi kubwa, chuo kimoja cha mjini, alipata kocha mpya, kijana mpole mwenye miwani, akakubali kuja kucheza nasi kabla kamati haijakaa. Nikampigia mwenyekiti wa kamati mbio mbio. Akasema, "Vizuri sana, Mama. Mkiwafunga hao, tutakuwa na la kuzungumza. Nitamtuma mjumbe aje aangalie." Nusura nipige vigelegele kwenye simu.

Siku yenyewe wageni tuliwatarajia asubuhi, wakaingia baada ya swala ya adhuhuri. Mvua ilikuwa imeharibu barabara mbele ya Kiranjeranje, basi lao likazama, vijana wakashuka kusukuma. Waliteremka mbele ya bwalo letu wamepakaa tope hadi magotini, wawili wametapika njiani, na kipa wao wa kwanza wamemwacha anaumwa. Aliyekuja badala yake alikuwa kijana mwembamba, shingo kama ya kifaranga. Mjumbe wa kamati hakuwamo. Alinipigia kutoka Lindi, akasema gari lake dogo halitaiweza ile barabara. "Nitumieni tu matokeo, Mama. Matokeo yanatosha."

Kocha wetu, mkufunzi mwenzangu wa hesabu, akataka mechi ianze mara moja. Mpishi mkuu wa chuo, mama mmoja wa Masoko ambaye hata mkuu wa chuo anamwogopa, akatoka na mwiko mkononi. "Ebo! Watu wametoka matopeni, muwaingize uwanjani na njaa? Nyie mmezaliwa wapi?" Kocha akanywea. Wageni wakaoga, wakawekewa wali wa nazi, pweza wa mchuzi na samaki wa kukaanga. Wakala, jamani. Yule kocha mwenye miwani aliongeza pweza mara mbili, na mpishi akamwongezea ya tatu bila kuulizwa. Tukawasubiri hadi chakula kitulie, ndipo filimbi ikapigwa.

Baba yake nahodha alikuwepo. Alitoka Mitole na kanzu yake safi, akasimama pembeni ya uwanja karibu nami. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Leo nimekuja kumtazama mara moja, nisije nikaambiwa sikumtazama kabisa."

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha aibu, kwa wageni lakini. Tuliwafunga matatu, na nahodha peke yake alitia mawili. La pili alitoka nalo katikati ya uwanja, akawapita watu ule mchanga kama hauko. Baba mtu akanigeukia, mdomo wazi. "Huyu ndiye anayefanya hivi siku zote?" Nikamwambia ndiyo, baba, siku zote. Akawa anafuta uso kwa kitambaa.

Wakati wa mapumziko nilipeleka maji. Mpishi akaja nyuma yangu, akawaambia vijana wetu, "Nyie, hao ni wageni wetu. Mnawapiga kama mmewakuta wanaiba kuku!" Watu wakacheka, lakini maneno yake yaliingia. Hata pembeni ya uwanja watu walikuwa wameanza kuwapigia makofi wageni kila wakigusa mpira, kuwapa moyo. Ndivyo tulivyo. Kwetu hata kwenye karata, mgeni akifungwa mara mbili, ya tatu mwenyeji hujifanya haoni. Kumshinda mtu sawa. Kumvua nguo mtu aliyekula kwako, hapana, huo ni ukosefu wa adabu, na mtoto hufundishwa kabla hajafundishwa kusoma.

Nahodha akawakusanya wenzake. Nilikuwa pale, nilimsikia kwa masikio yangu. "Tumeshinda," akasema. "Yatosha. Tucheze tu, tusiwaumize watu." Hakuna aliyebisha. Kocha wa hesabu mwenyewe aliitikia kwa kichwa.

Kipindi cha pili wakacheza kama watu wanaosindikiza wageni. Mara moja nahodha alichomoka, akabaki yeye na yule kipa mwembamba, na kipa akateleza, akakaa chini anashika paja. Goli tupu. Kijana wetu akautoa mpira nje kwa makusudi, akamwinua mwenzake, akampangusa mchanga mgongoni. Uwanja mzima ulipiga makofi. Baba yake akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Huyo ndiye mwanangu!" Na mimi, sitaficha, machozi yalinilenga. Niliona nina timu nzuri kuliko timu yoyote.

Wageni wakapata mawili. Kipa wetu mpaka leo anaapa kwamba la kwanza ndilo aliloliachia, la pili lilikuwa la kweli. Aliyefunga yote mawili ni namba tisa wao, kijana mnene kidogo, mcheshi. Ikaisha tatu kwa mbili. Tukawafungia korosho za kukaanga za njiani, na kocha mwenye miwani akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Madam, sisi hatujawahi kupokewa hivi," akasema. Nikamwamini. Naamini hata leo kwamba alisema kweli.

Kamati ilipokaa, nilikwenda Lindi mwenyewe. Sikualikwa. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka walipotoka, nikamsimamisha mwenyekiti mlangoni. Akanipa pole kabla hajanipa salamu, nikajua.

"Tumewapa wale wa mjini, Mama."

"Wale tuliowafunga?"

"Mliwafunga kwa taabu. Tatu kwa mbili, nyumbani kwenu, na wenzenu wametoka safari mbaya, kipa wao hayupo. Tena kocha wao tumemuuliza. Kasema mechi ilikuwa ngumu, wangeongezewa dakika chache wangesawazisha."

Loo! Kasema nini? Pweza wetu kamla mara tatu, kisha kasema nini? Nikamweleza mwenyekiti. Nikamwambia hadi mapumziko ilikuwa tatu bila, nikamwambia ya kipa kuanguka, ya mpira kutolewa nje, nikamwambia, "Mzee wangu, tuliwaachia! Wale walikuwa wageni!"

Akanisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Mama, kila aliyeshinda kwa shida huniambia aliachia. Nitajuaje? Mimi naangalia mabao. Timu ya kundi dogo ikitaka tuiamini, lazima ishinde mpaka tusiwe na la kuuliza. Mngewafunga saba, leo tusingekuwa hapa."

"Na wao wakubwa? Wao wakishinda moja bila mnauliza?"

"Wao tunawajua," akasema.

Nikampa vidonge vyake. Nilisema maneno ambayo mke wa mtu hapaswi kuyasema barabarani, wajumbe wakawa wanapita wanatazama chini. Nikamuuliza, huyo mjumbe wako angekuja si angeona? Kama hamtaki kuja kututazama, na hamtaki kutuamini tukisema, mnataka tufanyeje, tuzaliwe mjini? Akasema, "Pole, Mama," akaingia ndani ya gari. Nilirudi Kilwa nimeshika kichwa njia nzima.

Kijana nilimkuta kisimani anafua jezi za timu. Alikuwa na desturi ya kuzifua mwenyewe. Aliniangalia usoni mara moja tu, akaendelea kusugua.

"Basi, Madam," akasema. "Alhamdulillahi."

"Usiniambie alhamdulillahi! Kasirika!"

Akatabasamu kidogo. "Nikikasirika watabadilisha?"

Nikakaa pale kwenye zege la kisima, tukakamua jezi pamoja. Baadaye akaniuliza, "Wangetaka ngapi?" Nikamwambia mwenyekiti kataja saba. Nikaona anahesabu moyoni zile nafasi alizoziacha. Kisha akasema, "Zilikuwepo." Hilo tu.

Alimaliza chuo. Sharti la baba lilikuwa sharti. Mzee alinipigia simu siku ya mahafali kunishukuru kwa malezi, tukaongea ya mvua na bei ya korosho. Mpira hakuutaja, nami sikuutaja. Kabla hajakata aliniuliza tu kama ile siku mwanawe alikosea. Nikamwambia hapana, baba, hakukosea. Akasema, "Nilidhani hivyo pia," na sauti yake haikuwa na nguvu.

Fainali zile zilifanyika bila sisi. Yule namba tisa mcheshi alifunga huko, akaonekana, akachukuliwa na timu moja ya Dar. Mume wangu ndiye aliyeniita sebuleni, "Njoo umwone mtu wenu!" Nikatoka na mikono ina unga. Ni yeye, amepungua, amenyoa kichwa, anashangilia kona ya uwanja. Sina kinyongo naye, riziki yake. Lakini nilirudi jikoni, nikakanda ule unga mpaka ukawa mgumu, chapati za siku ile hazikulika.

Nilimwona tena nahodha wangu baada ya miaka. Nilikuwa nazungukia wanachuo waliopelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nikafika Kiswere, na mwalimu wa michezo wa shule ya pale alikuwa yeye. Amejaza mwili, ana mke, ana mtoto anatambaa. Alinipokea kwa "Shikamoo, Madam" na kicheko, akanitolea kiti mpaka pembeni ya uwanja, maana jioni ile shule yao ilikuwa na mechi na shule ya kijiji cha jirani. Nikafurahi. Nikajiambia, mpira haukumtoka, basi afadhali.

Watoto wake wanajua, wallahi. Walikuwa wanapigiana pasi fupi fupi mpaka raha. Wale wageni walikuja kwa miguu, wengine pekupeku, na hadi mapumziko walikuwa wameshafungwa mengi. Niliona mtoto wao mmoja amekaa chini anang'oa nyasi, hataki hata kuangalia goli lake.

Watoto wa Kiswere wakaja kwa mwalimu wao wakihema. Mmoja wao, mdogo kuliko wenzake, akasema, "Mwalimu, wale wamechoka. Tuwaachie kidogo?"

Nilimgeukia nahodha wangu. Nilikuwa tayari nimeshatabasamu, nasubiri jibu lake.

"Hapana," akasema. Hakupandisha sauti. "Mkapige mpaka filimbi ya mwisho. Hakuna mtu atakayekuja kuwauliza kama mlikuwa na huruma."

Watoto wakaitikia, "Sawa, mwalimu," wakarudi uwanjani. Nikafungua mdomo. Nilitaka kumwambia siyo hivi, baba yako hakukulea hivi, wewe si mtu wa hivi. Yeye akanitazama, akasubiri niseme, kwa adabu ile ile ya zamani. Nikatafuta neno, sikulipata, kwa sababu alilowaambia wale watoto lilikuwa la kweli na mimi ndiye niliyelileta kutoka Lindi.

Wakafunga jingine, na jingine. Yeye hakupiga makofi hata mara moja.